Nilitazama Miguu ya Wabebaji

Mmeimba vizuri, bandugu, na mmenipokea vizuri. Lakini kabla sijaanza nataka tuelewane. Kiongozi wa shirika letu aliponiomba nitoe ushuhuda, alinishauri kwa upole nisiseme mambo mazito sana, maana leo tuna wageni kutoka mashirika mengine ya parokia, na ushuhuda unafaa uwatie watu moyo. Nilimwitikia. Sasa naomba anisamehe, kwa sababu sitamtii. Nimekuja na hasira. Mungu ameniponya woga, hilo nitalishuhudia mpaka nife. Hasira hajaniondolea, na siku hizi ninafikiri ameiacha kwa makusudi.

Sitataja jina la mtu. Wengine wako hai, wengine mnawajua, na huenda mmoja wao ana ndugu aliyekaa katika viti hivi. Nitaeleza mambo kwa mpangilio, tangu mwanzo, nanyi mtapima.

Nilizaliwa hapa hapa Ruashi. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kufanya kazi ya reli, na baba yangu akawa fundi wa kuchomelea vyuma mgodini. Sisi ni Wakatoliki tangu babu. Nyumba yetu baba aliijenga kwa mikono yake, kila kiangazi ukuta mpya, kila masika tukihamisha ndoo chini ya mahali palipovuja. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, na nilikuwa mtu wake. Akirudi kazini, mama alimpokea begi, mimi nilimpokea kwa kikombe cha maji. Hakunywa maji ya mtu mwingine nikiwepo. Wadogo zangu waliona wivu.

Nilipofika miaka tisa, baba akaugua. Alianza na homa, kisha macho yakawa ya njano, kisha tumbo likavimba. Hospitalini daktari alisema ni ini. Alilisema wazi, mbele ya mama, mbele ya mdogo wake baba tuliyemwita baba mudogo, na mimi nimesimama hapo nimeshika chupa ya chai. Alisema ini limeharibika na hawana la kufanya, bora mgonjwa arudi nyumbani. Nawaomba mlishike neno hilo, ini, maana siku tatu baadaye, mbele ya umati wa watu wazima, hakuna hata mmoja aliyelikumbuka.

Baba alirudi nyumbani. Kesho yake mchana aliomba maji. Nilimletea, akanywa nusu, akanirudishia kikombe, akafumba macho. Kabla ya jioni alikuwa amekufa.

Kilio cha Lubumbashi mnakijua wenyewe. Akina mama ndani juu ya mikeka, wanaume nje juu ya viti, moto katikati, jamaa wanaingia mmoja mmoja kutoka mbali wakilia tangu barabarani. Lutuku, pombe yetu kali, nayo inaingia, katika chupa za maji ili padri asiione. Lakini ninyi wageni, hasa ndugu zetu wafanyabiashara kutoka Kivu, huenda hamjui desturi ya kuuliza sanduku. Kwetu, mtu akifa kabla ya kuzeeka, wako wanaosema hawezi kwenda bila kumwonyesha aliyemuua. Vijana wanabeba sanduku la maiti begani. Mzee mmoja anasema na marehemu, anamwomba awaongoze. Kisha sanduku linaanza kuyumba. Linakwenda mbele, linarudi, linazunguka ua, na yule litakayemgonga, huyo ndiye mulozi, mchawi aliyemuua.

Asubuhi ya kumzika baba, kabla vijana hawajainama kushika sanduku, baba mudogo aliuliza swali moja kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi.

"Nani alimupatia maji ya mwisho?"

Watu walitazamana. Shangazi mmoja akanionyesha kwa kidevu. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jikoni, mdogo wangu mapajani.

Vijana wakainua sanduku. Likaenda kwenye geti, likarudi. Likagonga ukuta. Wanawake wakaanza kupiga kelele. Likageuka upande wa jikoni, likaja mbio, nikaona miguu na vumbi, na pembe ya sanduku ikanipiga kifuani. Nikaanguka na mtoto. Wakarudi nyuma, wakaja tena, likanipiga begani.

"Mumeona?" baba mudogo akasema. "Baba yake mwenyewe njo amemuonyesha."

Bandugu, sikulia. Watu wakiniuliza leo nilijisikiaje, nawajibu kwamba niliona aibu. Nilifikiri baba amenikasirikia. Nilianza kutafuta kichwani kosa gani nilifanya katika yale maji, kama kikombe kilikuwa kichafu, kama nilichelewa kuleta.

Mama yangu aliniangukia juu, akanifunika kwa mwili wake. Huyo ni mtu mmoja. Sasa niwahesabie wengine waliokuwepo, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Alikuwepo katekista aliyenifundisha komunyo ya kwanza. Walikuwepo akina mama wa chama, wamevaa kikwembe chenye sura ya Bikira Maria. Alikuwepo jirani muuguzi, mtu aliyejua ini ni kitu gani kuliko sisi wote. Walikuwepo wanaume waliofanya kazi na baba, waliokula bukari katika nyumba ile. Nawaambia, hakuna mmoja aliyesema hata neno hili dogo: ngojeni. Walitazama chini. Katekista alianzisha wimbo. Wimbo, bandugu! Mtoto yuko chini katika vumbi, naye anatafuta nota.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Ilisemwa nisibaki mjini, nitamaliza watoto wengine. Nikapelekwa Kasomeno, kwa jamaa ya baba aliyekuwa akinunua samaki wanaotoka upande wa Kasenga na kuwapakia katika magari ya kuja huku. Hakunipiga, sitamsingizia. Lakini sahani yangu ilikuwa peke yake, mkeka wangu peke yake, na habari ilikuwa imefika kabla yangu. Watoto wa pale walinipa jina: Sanduku. Nikipita, wanne watano walijipanga, wakaweka mikono begani kama wabebaji, wakanijia wakiyumba huku wakiimba nyimbo za kilio. Watu wazima waliokuwa dukani walicheka. Walisema batoto banacheza.

Mama naye, kwa kuwa amezaa mulozi, aliambiwa aondoke katika nyumba. Alikwenda kupanga chumba kule Annexe, akalima mihogo na matembele katika kiwanja cha watu. Aliyeingia katika nyumba ya baba ni baba mudogo. Yeye aliyeuliza swali la maji. Mimi nawaeleza tu nani alitoka na nani aliingia.

Jambo baya kuliko yote ni hili: niliamini. Mtoto akiambiwa na baba yake mwenyewe, kutoka ndani ya sanduku, kwamba amemuua, atabisha na nani? Nilikua nikiogopa mikono yangu. Tangu siku ile sikumpa mtu yeyote maji ya kunywa. Nilirudi mjini nikiwa msichana, nikaolewa, nikaanza kuuza samaki wakavu hapa sokoni Ruashi, na katika miaka yote ile mgeni akija nyumbani nilimtuma mtoto, au nilimwonyesha mtungi ajichotee mwenyewe. Mume wangu alidhani ni dharau. Tuligombana sana kwa ajili ya glasi ya maji. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa ninamlinda?

Na vilio. Msafara wa maiti ukipita barabarani, vijana wananing'inia nje ya gari wakiimba na kupiga mabati, mimi niliinama nyuma ya magunia yangu nikajifanya natafuta kitu. Nilitoa mchango, nilituma samaki, lakini mguu wangu haukuingia katika ua wa kilio. Mnajua watu husema nini juu ya mtu wa namna hiyo. Pale sokoni walisema: "Ule mama iko na kiburi. Siku yake tutaona nani atamulilia." Mama yangu alipokufa kule Annexe, nilifika mpaka kona ya barabara, nikaona sanduku linatolewa mlangoni, miguu ikakataa. Mama aliyenifunika kwa mwili wake alizikwa bila mimi. Hilo nalo waliniibia.

Sasa niwaambie jinsi Mungu alivyoniingilia. Hakuja kwa radi. Alikuja kwa bibi mmoja mwenye kiu.

Wengi wenu mnamkumbuka, aliongoza shirika letu kabla ya kiongozi wa sasa. Sote tulimwita Nkambo. Alikuwa na maneno makali na kicheko cha kijana. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaita watu kwenye sala, na kwangu alipita mara nyingi kwa sababu sikuwa ninakuja. Siku moja alikaa katika kiti changu, akaomba maji. Nikamwita binti yangu.

"Nimeomba weye," akasema. "Sikuomba mutoto."

Nikasema mikono yangu ina harufu ya samaki. Akasema pua yake imezeeka. Nikasema binti anakuja sasa hivi. Akaweka fimbo yake chini, akasema basi atangoja, hata kama ni mpaka Krismasi. Mwisho nilimletea, nikamwagia mengine juu ya kikwembe chake. Akanywa yote. Kisha akaniuliza ni nini, na mimi, sijui kwa nini siku ile, nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi hapa. Hakusema pole. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, sijafungua hata mlango vizuri, yuko uani amesimama.

"Nimekuya unione," akasema. "Siyakufa. Leta ingine."

Akafanya hivyo kila siku alipopita. Akanywa maji yangu akiwa mzima, akayanywa akiwa na mafua, akawaleta wenzake nao wakanywa. Alikuwa akiwaambia, "Maji ya huyu mama ni ya baridi kushinda ya kwenu." Nilianza kwenda kwenye sala. Nilijifunza kusali upya, kwa maneno ya kwangu, kwa sababu sala za utotoni zilikuwa na sauti ya yule katekista. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba sijui kama niliua au sikuua. Nilimwomba aniambie yeye, si sanduku.

Jibu lilikuja katika mafundisho ya shirika, uani kwa Nkambo. Injili ya siku ile ilikuwa ya mjane aliyekuwa akienda kumzika mwanawe wa pekee. Mnaijua: Bwana anakutana na msafara mlangoni pa mji, anamhurumia mama yule, anakaribia, analigusa jeneza. Tulizungumza juu ya mjane, tukazungumza juu ya kijana aliyefufuka. Nkambo akatukatiza. Akauliza, je, wabebaji walifanya nini? Akasema someni tena. Tukasoma. Walisimama. Akaniangalia mimi, akaendelea na swali lingine.

Siku zilizofuata nilikuwa nikichambua samaki na kuwaza jambo lile moja. Kama wabebaji wanaweza kusimama, basi ni wao wanaotembea. Mnacheka. Kwenu ni wazi. Mimi nilihitaji zaidi ya miaka thelathini ili nilione.

Nikaamua kuchunguza. Kilio kikitokea karibu, nilisimama ng'ambo ya barabara, nikatazama. Zamani, kila mtu pamoja nami alitazama sanduku. Mimi sasa nilitazama miguu. Nawaambia nilichokiona. Aliye mbele upande wa kushoto anakunja goti, na mwenzake anavutwa. Wa nyuma hawaoni njia, wanasukuma tu ili wasiangushe. Wa katikati ni wafupi, wanabebwa na mzigo kuliko wanavyoubeba. Mmoja akitaka kwenda kulia, wote wanakwenda kulia, na watano kati ya sita wataapa mbele ya msalaba kwamba hawakusukuma. Na karibu kila mara, kabla ya kuinua, kuna mtu mzima aliyesema neno au kutazama upande fulani. Niliona hayo mara moja, mara mbili, mara nyingi. Kichwa changu kilijua sasa. Mwili wangu bado haukuamini. Ng'ambo ya barabara ni ng'ambo ya barabara.

Kisha Nkambo akafa, masika haya yaliyopita. Ni kisukari, sote tulijua, mguu wake ulikuwa umeoza. Alikuwa akiishi na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi, yatima. Mtoto yule ndiye aliyemfunga kidonda, ndiye aliyempa vidonge, ndiye aliyemwogesha. Jamaa walikuwa mbali. Jamaa walikuja kwenye kilio.

Nilikuwa sokoni. Mama mwenzangu wa shirika alikuja mbio, kilemba mkononi. Aliniambia kwamba jamaa wamekataa sanduku lipelekwe moja kwa moja kanisani, vijana wameitwa, na tangu asubuhi shangazi wa yule mtoto anarudia maneno yale yale: "Huyu mutoto njo alikuwa anamupatia dawa." Mtoto amekalishwa peke yake kando ya choo, hakuna anayekaa karibu naye.

Nilijua kilichokuwa kinakuja kama mtu anayejua wimbo. Na niwaambie ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kuinama nyuma ya magunia. Nilishika kamba ya gunia. Nikasema, Bwana, ulikaribia ukagusa. Mimi siwezi kukaribia. Nikaona nimekwisha kusimama, aproni ya samaki bado kiunoni, ninatembea.

Niliingia katika ua ule. Ndiyo mara yangu ya kwanza tangu utoto. Wanaume wa shirika letu walikuwa kwenye viti kando ya ukuta. Nao walikuwa wakitazama chini, baba zangu, msinikasirikie, niliwaona. Vijana wanukao lutuku walikuwa wamekwisha kuvua mashati. Mzee wa ukoo alikuwa akisema na marehemu.

Nikamwambia, "Mzee, eshima. Nkambo alikuwa mama wa shirika. Bamama njo batamubeba."

Akaniuliza mimi ni nani mu hii familia. Nikamwambia mimi ni mtu aliyempa maji kila siku. Kijana mmoja akasema mama samaki arudi kwa samaki wake, wenzake wakacheka. Mzee akainua mkono.

"Sanduku itajisemea yenyewe," akasema.

"Basi isemee juu ya mabega yetu," nikamjibu. "Kama inajua mulozi iko wapi, itamujua hata bamama wakibeba. Ama inajuaka tu wakati bale bavijana banakunywa?"

Mtu mmoja kule nyuma akacheka kwa pua, kisha mwingine. Mzee alitazama huku na huku. Akikataa, amekiri. Akasema haya, bebeni, tutaona.

Akina mama sita tulilishika. Mimi nilikaa mbele, kushoto. Nililitaka pale kwa sababu nilijua pale ndipo linapoendeshwa. Ubao ukanigusa bega, bega lile lile la utotoni. Mama wa kulia kwangu akaanza Rozari. Tukaondoka.

Hatukufika mbali. Nyuma kulikuwa na mama mmoja, mfupi, mnene, mnamjua na mnampenda. Alikanyaga kamba ya turubai, akajikwaa. Mzigo wote ukatusukuma upande mmoja, upande wa choo, upande aliokaa mtoto. Nilisikia umati ukivuta pumzi. Shangazi akalia, "Inageuka! Mumeona?" Nikamwona yule mtoto. Hakukimbia. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, akilitazama sanduku linavyomjia. Uso ule niliujua. Alikuwa anatafuta kosa lake katika vidonge.

Na hapo, bandugu, ndipo nilipopona. Kwa maana nililisikia begani. Lile lililonisukuma lilikuwa uzito wa mwenzangu aliyejikwaa, ukipita katika mbao, ukiniingia katika bega, ukitaka nikunje goti. Halikuwa na hasira. Halikuwa na neno. Nilijua kwa mwili wangu kwamba baba hakuwahi kunigonga.

Nikasimama. Nilikaza miguu yote miwili, na wenzangu wakasimama, na sanduku likasimama hatua chache mbele ya mtoto.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, imejaa aibu: "Njo miye, bandugu. Kamba ilinikamata muguu. Munisamehe."

Watu wakacheka. Kwenye kilio, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na ninaamini Nkambo ndiye aliyecheka zaidi. Mimi sikucheka. Nilimwita yule mtoto, nikamwambia achukue msalaba, atangulie mbele. Alinyanyuka polepole. Akauchukua. Tukamfuata mpaka barabarani, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Wengi walikuja kunipongeza. Wakasema Mungu ametenda. Ametenda, amina. Lakini nilikaa usiku ule na swali. Kama kicheko kimoja kiliweza kuvunja jambo lile, kama mama mmoja kusema ni mimi nimejikwaa kulitosha, kwa nini kwa baba yangu hakupatikana hata mtu mmoja? Hamkuhitaji nabii. Hamkuhitaji askofu. Ilitosha mtu wa kusema ini.

Mmoja wa vijana waliombeba baba yangu bado yuko. Ni mzee sasa, mtu wa kanisa, hununua samaki kwangu. Baada ya kumzika Nkambo nilimuuliza nani siku ile alikuwa mbele kushoto. Akasema, "Mama, ile ni mambo ya zamani." Ya zamani kwake yeye. Alilipa, akaondoka na samaki wake. Msiniulize kama nimesamehe. Nasamehe kila Jumapili, na Jumatatu nafungua meza yangu nikimwona anakuja, naanza upya. Padri aliniambia hiyo nayo ni njia.

Namshukuru Mungu aliyeniambia mwenyewe, bila sanduku, kwamba mikono yangu ni safi. Namshukuru Nkambo, aliyekunywa. Nawashukuru wale akina mama watano, na zaidi yule aliyejikwaa na kusema kweli mbele ya watu wote, kwa maana alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Namshukuru mume wangu, ambaye siku hizi ananiomba maji hata akiwa hana kiu.

Funzo langu ni fupi. Imani isiyosimama uani pa kilio haijasimama popote. Tunabatiza watoto, tunawavika nguo nyeupe, na siku pembe ya sanduku inapowajia tunatazama viatu vyetu na kutafuta wimbo. Mnisamehe ukali, lakini sitaubadilisha.

Na jambo la mwisho, ndilo hasa lililonileta. Yule mtoto anaishi kwangu. Leo nimemwacha nyumbani, nisingependa mmtazame. Jumamosi hii jamaa wanakuja kumaliza kilio. Shangazi yake amekwisha kusema atapita nyumbani kwangu kumchukua, amempata mfumu, mganga wa kupiga ramli, wa kumtazama. Asubuhi ile nitakuwa mlangoni. Nitatetemeka, najijua, na sitatoka pale. Lakini mlango ule ni mpana mno kwa mtu mmoja.

Msinipigie makofi, naomba. Mimi nitakaa sasa. Atakayekuja Jumamosi, asimame, nimwone uso.